Udongo wa Kwanza

Wahenga waliposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hawakuwa wakiwadharau akina mama wanaojifungua kwa uchungu. Walikuwa wakiwachokoza wanaume. Jogoo naye ana vifaranga kila pembe ya boma, lakini hakuna aliyewahi kumwona akiwafunika kwa mabawa mvua inaponyesha. Mwenye kubisha na asikilize habari za Mzee Wamalwa, aliyekuwa dereva wa lori hapa Eldoret, na yaliyotokea siku ya kumpeleka nyumbani kuzikwa.

Wamalwa aliingia Uasin Gishu, nyanda hizi za Eldoret, akiwa kijana wa kushika kamba ya maksai, wakati magari ya Makaburu yalipokuwa yakikokotwa kutoka Londiani katika tope la kufika magotini. Lori zilipokuja, aliacha kamba akashika usukani. Kwa miaka zaidi ya ishirini alibeba mbao za Ainabkoi hadi kwa wajenzi wa mjini, na mahindi ya Soy hadi stesheni ya reli, kiangazi na masika, mpaka macho yake yalipokataa kazi. Hapo alistaafu, akawa mzee wa kukaa barazani akirekebisha viti vya majirani.

Watu walimsifu kwa mambo mawili. La kwanza, hakuwahi kumpita mtu aliyekwama njiani. Awe Mzungu mwenye shamba, Mhindi mwenye duka au mchuuzi wa mayai mwenye baiskeli, Wamalwa alisimama, akashuka, akakunja suruali. La pili, alirudi nyumbani. Hili laweza kuonekana dogo kwa asiyewajua madereva wa enzi hizo, ambao kila kituo cha biashara walikuwa na sufuria yao mekoni. Sufuria ya Wamalwa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwa mkewe Nasambu, katika nyumba yao ya lokesheni, mtaa wa Waafrika. Akifika alinawa mafuta ya injini kwa sabuni na majivu, wala hakumgusa mtoto kabla mikono haijatakata. Kisha aliwapakata mabinti zake, Sarah na Nanzala, akawauliza habari za siku kama mtu anayezungumza na wakubwa wenzake.

Mtoto wa kiume Nasambu hakujaliwa kumzaa. Alimpata kwa njia nyingine. Mwaka wa nzige, katika shamba moja la Kaburu karibu na Ainabkoi, mfanyakazi mmoja mjane aliyeitwa Chepkorir alikufa kwa kichomi, akaacha mtoto wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno. Mwenye shamba akataka kibanda kiachwe wazi kwa mfanyakazi mwingine. Ndugu wa marehemu hawakujulikana walipo. Wamalwa alikuwa amekwenda kupakia mbao, akamkuta mtoto ameketi mlangoni akitafuna kamba. Jioni ile Nasambu alikuwa akimngoja mumewe alete kabeji.

"Kabeji ziko wapi?" aliuliza.

"Zimeisha sokoni," Wamalwa akajibu, akimkabidhi mtoto. "Lakini huyu naye anataka kula."

Nasambu alinuna mpaka maziwa yalipochemka. Mtoto alipomaliza kikombe na kumshika kidole, kinywa cha kununa kikakosa nguvu. Walimwacha na jina lake la kwao, Kipyego. Tangu siku hiyo, mtu aliyethubutu kusema "yule wenu wa kuokota" mbele ya Nasambu hakurudia mara ya pili.

Kipyego alikua, na wakati wake wa kutahiriwa ukafika. Kufikia hapo ndugu za mama yake walikuwa wamejitokeza. Nasambu alitaka mtoto apelekwe Kimilili, kwao mumewe, akatahiriwe kwa kisu cha ukoo wa Wamalwa, jambo limalizike. Mumewe alikataa. Alimpandisha Kipyego kwenye lori na kumpeleka mwenyewe kwa wazee wa Kinandi, aingie rika la damu yake.

"Nilimchukua ale," alimwambia mkewe. "Sikumchukua apotee."

Yalikuwa maneno ya mtu mwungwana, na uungwana una gharama zake. Kipyego alipotoka jandoni alirudi kwa Nasambu bila kuitwa, akaanza kujifunza udereva miguuni pa baba yake, akaajiriwa na kinu kile kile cha kupasulia mbao alichokuwa akikifanyia kazi Wamalwa. Lakini huko Kimilili watu wa ukoo waliliweka jambo hilo moyoni, kama mtu anayeweka akiba ya ugomvi.

Akiba hiyo ilitolewa mwezi wa Mei, mwaka wa 1955, mvua zilipokuwa zimepamba moto. Mzee Wamalwa alifariki asubuhi moja akiwa amekaa kitini, baada ya kunywa chai. Kaka yake mkubwa, Khisa, alifika Eldoret kutoka Kimilili pamoja na wazee wachache na mwanawe wa kwanza, Nicholas, kijana aliyevaa kofia ya kizungu na suruali iliyopigwa pasi kama ya karani. Khisa alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito, aliyezoea kusikilizwa. Waliposhauriana kuhusu mazishi, alisema bila kuzunguka:

"Udongo wa kwanza atatia Nicholas. Ndugu yangu hakuacha mwana."

Nasambu aliinua kichwa. Alijua maana yake. Kwa desturi ya ukoo, anayetia udongo wa kwanza kaburini ndiye mwana wa marehemu, na ndiye mwanamume wa nyumba ile tangu siku hiyo. Ile nyumba ya Kimilili ambayo Wamalwa aliijenga kwa jasho, na shamba lake la ndizi, vingekuwa chini ya Nicholas, na yeye Nasambu angekuwa mgeni anayeonyeshwa pa kuketi. Lakini si hayo yaliyomchoma zaidi. Kilichomchoma ni kwamba Kipyego angesimama kaburini pa baba yake pamoja na majirani.

"Kipyego ni nani basi?" aliuliza.

"Shemeji, usiniletee maneno mingi," Khisa akasema. "Huyo ni kijana mzuri, hakuna mtu anakataa. Lakini hakutahiriwa kwa kisu chetu. Ndugu yangu mwenyewe ndiye alimrudisha kwao. Sasa wewe unataka tufanye nini?"

Ule uungwana wa mumewe ndio uliokuwa umemfunga Nasambu mdomo, naye alimkasirikia marehemu pale pale jeneza lilipokuwa, akalia kwa hasira na huzuni pamoja. Kipyego alimshika bega.

"Mama, wacha kwanza tumfikishe mzee. Hayo mengine tutaongea tukifika."

Kwa kuwa njia ya Turbo ilikuwa imekatwa na mafuriko, iliwabidi wapitie Soy. Mwenye kinu alimpa Kipyego lori kuukuu kwa heshima ya Wamalwa. Wakaondoka alfajiri, jeneza katikati ya lori, Khisa, Nicholas, wazee na wanawake wakilizunguka. Nasambu aliketi mbele na mwanawe. Khisa alikuwa ameshatoa onyo lake: mzee hazikwi jua likishazama, na maiti kulala njiani ni mkosi kwa ukoo mzima. Wakichelewa, lawama ni ya dereva. Kwa hiyo Nasambu alilitazama jua kila lilipojitokeza mawinguni, kama mwanamke anayemvizia mwizi.

Walipoipita Soy kidogo, udongo ukageuka kuwa mweusi na wenye kunata. Hapo ndipo walipoikuta lori nyingine iliyojaa magunia ya mahindi, imelala ubavu mmoja mtaroni, magurudumu ya mbele hayaonekani. Dereva wake, Shitanda, mtu wa Kakamega mwenye mvi za mapema, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na wapakiaji wake wakimtazama. Pembeni palikuwa na nyasi ngumu na nafasi ya kutosha kupita.

Kipyego alipunguza mwendo. Fimbo ya Khisa ikagonga paa juu ya vichwa vyao.

"Pita! Usisimame hapa, pita!"

Nasambu alihesabu moyoni safari iliyobaki, akaona kwamba wakisimama huenda wasifike jua likiwapo. Na wasipofika, Khisa hatahitaji tena hoja ya kisu. Itatosha kusema kijana wa watu amemlaza mzee njiani. Akamwinamia mwanawe.

"Pita, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Leo tu."

Kipyego alikuwa ameshavuta breki.

"Mama, baba yuko hapo nyuma," alisema. "Mimi nitampitishaje mbele ya mtu amekwama?"

Nasambu alihisi uso ukimwaka kwa aibu. Alikuwa ameishi na Wamalwa miaka yote ile, akamlaumu mara nyingi kwa chakula kilichopoa, na hakuwahi kumwambia ampite mtu. Alifungua mlango, akaifunga leso kiunoni, akashuka kwenda kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu.

Kule juu Khisa alichemka. Mtu mwingine angedhani ni haraka ya mazishi tu, lakini Nasambu alijua kidonda kilipo. Baba yao Khisa na Wamalwa alipokufa, miaka mingi iliyopita, Wamalwa alifika Kimilili watu wameshazika na kunawa mikono. Alikuwa amesimama karibu na Turbo kumtoa mtu asiyemjua, mwenye mkokoteni uliotumbukia mferejini. Khisa alikasirika, asimsemeshe ndugu yake mpaka mavuno mawili yakapita.

"Hata akiwa ndani ya sanduku bado ananichelewesha," alinung'unika sasa, na mzee mmoja akalazimika kugeuka ili asionekane akicheka.

Kazi ilikuwa ndefu. Walifunga mnyororo, wakavuta, ukateleza. Wakafunga tena, wakachimba, wakaweka matawi. Kipyego alizama matopeni mpaka mapajani akiyafukua magurudumu kwa mikono. Lori ya Shitanda ilipotoka mtaroni ikiguna kama ng'ombe aliyenusurika, jua lilikuwa limepita utosi. Shitanda alitaka kujua ni maiti ya nani. Alipotajiwa jina la Wamalwa alivua kofia.

"Huyu alinitoa matopeni mara nyingi mpaka nikaona haya," alisema. "Hata jina hakuniuliza."

Kipyego hakukaa kusikiliza sifa. Alipanda, akatia gia, wakaenda.

Wakafika mteremko wa mto Nzoia. Hapo barabara ilikuwa imekwisha kuwa uji. Kipyego alishuka, akaipima kwa fimbo, akarudi, akateremka polepole kwa gia ya kwanza. Walivuka daraja salama, Nasambu akaanza kupumua. Wakati wa kupanda ng'ambo ya pili ndipo magurudumu ya nyuma yalipozunguka, yakazunguka tena, lori ikaketi kwenye tope mpaka kwenye ekseli.

"Tushushe mzigo," Kipyego alisema. "Watu wote, na mizigo yote. Tupunguze uzito."

"Jeneza halishuki," Khisa akasema. "Likigusa ardhi hapa, tumemlaza njiani."

Wazee walitikisa vichwa kukubali, na Kipyego hakubishana nao. Watu walishuka mmoja mmoja, viatu mikononi. Nicholas peke yake alibaki juu. Alisema lazima pawe na mtu wa kulishika jeneza lisiteleze, na akaketi kando yake juu ya kisanduku cha spana, suruali yake ikiwa bado na mstari wa pasi. Huku chini walisukuma wote waliokuwa na mabega. Sarah na Nanzala, ambao sasa walikuwa wanawake wenye waume, walisukuma. Nasambu alisukuma. Khisa mwenyewe, mtu mzima na kitambi chake, alivua viatu akasukuma, akaanguka kifudifudi, akainuka akiwa amepakwa tope kama nyumba inayokandikwa. Kipyego alivua koti lake akalitia chini ya gurudumu, kisha blanketi la kiti. Lori haikusogea hata kidogo.

Jua lilikuwa linaelekea Mlima Elgon. Nasambu aliiona siku ikimponyoka, akasikia Khisa akihema pembeni yake, akangoja aanze kulaumu. Khisa hakulaumu. Alikuwa akitazama tu, mara kwa Kipyego aliyekuwa amelala chini ya lori akifukua tope kwa viganja, mara kwa Nicholas aliyekaa kule juu akishika kofia isipeperushwe na upepo. Alitazama hivyo kwa muda mrefu, na Nasambu hakujua ameona nini.

Ndipo mngurumo ukasikika kutoka ng'ambo. Ilikuwa lori ya Shitanda, ikifuata polepole na magunia yake. Hakumuuliza mtu. Shitanda aliisimamisha darajani, wapakiaji wake wakaruka kama wanaojua waliloitiwa. Lile turubai kubwa lililofunika mahindi lilitolewa, likakunjwa, likatandikwa chini ya magurudumu.

"Mahindi yako italowa," Kipyego alimwambia.

"Italowa ikauke," Shitanda akajibu. "Ingia kwa usukani."

Wapakiaji walianzisha wimbo wao wa kubebea magunia, mabega yao mapana yakaingia chini ya ubao wa nyuma, na safari hii tope likaachia. Lori ilipanda mlima ikitapatapa, wanawake wakiikimbilia kwa kupiga makofi, Khisa akikimbia nyuma yao na viatu mkononi. Lori ya Shitanda nayo ikapita juu ya turubai hilo hilo. Kule juu wakapanda wote. Shitanda alipoulizwa anaelekea wapi na mahindi yake, alisema mahindi hayana haraka, akafuata. Njiani walipishana na dereva mwingine wa mbao, Paul, ambaye aliposikia ni nani anayepelekwa naye akageuza. Hivyo Mzee Wamalwa aliingia Kimilili kwa lori tatu zilizofuatana, honi zikilia kilima hadi kilima, watu wakitoka mashambani na majembe yao kutazama ni chifu gani anayekuja. Jua lilikuwa bado juu ya vichaka.

Kaburi lilikuwa tayari. Mwalimu wa kanisa alisoma, wakaimba, jeneza likateremshwa. Kisha mzee wa ukoo akamwita mwana wa marehemu. Nasambu alifumba macho. Aliposikia miguu ikisogea alijua ni Nicholas, kwa kuwa viatu vyake tu ndivyo vilivyokuwa vikavu.

"Ngoja," Khisa akasema.

Alikuwa bado na tope usoni, limekaukia kwenye ndevu. Alisimama kando ya udongo uliochimbwa, akawatazama wazee wenzake.

"Baba yetu alipokufa, ndugu yangu alichelewa kwa sababu ya mtu amekwama," alisema. "Mimi nilimchukia. Leo mimi nami nimecheleweshwa, kwa sababu ile ile, na aliyenichelewesha ni huyu." Alimnyoshea Kipyego mkono. "Nilimwambia apite. Mama yake naye, nadhani, alimwambia apite. Akakataa. Sasa niambieni, ukaidi huo aliutoa wapi? Kwa Chepkorir aliyemwacha akitambaa?"

"Lakini kisu, Khisa," mzee mmoja akasema. "Kisu si chetu."

"Kisu kinakata ngozi," Khisa akajibu. "Hii tabia haikukatwa na kisu. Ililelewa." Sauti yake nzito ikapungua. "Mimi hapa nina mwana. Nimemzaa mwenyewe, na kisu ni chetu. Leo wanawake wamesukuma, mimi na uzee wangu nimesukuma, yeye amekaa juu ya lori ameshika kofia. Nicholas, sikutukani. Wewe hukujilea. Mimi ndiye sikuwa nyumbani, nilikuwa nakaa kwa baraza nikiamua kesi za watu."

Nicholas aliinamisha kichwa, kofia mkononi, akarudi nyuma bila kusukumwa. Mwenye haki na asemewe haki: baadaye ni yeye aliyeshika koleo na kufukia kaburi mpaka mwisho, suruali na pasi yake vikapotelea humo.

Yule mzee wa kisu alitazama wenzake, na wenzake wakatazama chini. Naye akasogea kuacha njia.

"Kipyego, mwana wa Wamalwa," Khisa akaita, "njoo umzike baba yako."

Kipyego alijaribu kutembea kama mwanamume, lakini alipochota udongo alilia waziwazi mbele ya watu wote. Udongo ukaanguka. Hapo Nasambu alipiga kigelegele, na wanawake wa Kimilili wakakipokea, jambo ambalo mwalimu wa kanisa alilikoholea kidogo kisha akaliacha. Barabarani Shitanda na Paul waliegemea honi zao mpaka mbwa wa kijiji kizima wakaitikia. Nasambu hakujali nani angesema nini. Mumewe alikuwa amefika nyumbani kabla ya jua kuzama, ameletwa na mwanawe na kuzikwa na mwanawe, na hakuna mtu chini ya jua hilo ambaye angemwonyesha yeye pa kuketi.

Jioni, chai ilipokuwa ikigawiwa uani, ni Khisa aliyempelekea Kipyego kikombe kwa mkono wake mwenyewe, akaketi karibu naye, akamwomba amsimulie habari za ndugu yake alizozikosa miaka yote ile. Kipyego akasimulia, na Khisa, aliyezoea kusikilizwa, akasikiliza. Basi asimame tena baba wa kujigamba kwa wingi wa watoto wake, naye aambiwe ulivyoambiwa ukoo mzima siku ile pale kaburini: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.